Essaouira baada ya Alasiri: kuzurura sokoni katika mji mkongwe wa pwani ya Morocco

#1 MtotoWaChumbageni

Wakuu, salaam.

Kuna mdau aliuliza juzi kama Morocco, ukitoa Marrakech na Casablanca, ina mji wa pwani ambao mtu anaweza kuutembea kwa miguu bila kuvutwa mkono kila hatua. Upo. Unaitwa Essaouira, na Wazungu zamani waliuita Mogador. Mimi nasoma Rabat, na nikipata likizo fupi huwa nashuka huko. Ushauri wangu ni huu: usiutembee saa nne asubuhi pamoja na wale watalii wanaoletwa kutoka Marrakech na kurudishwa siku hiyo hiyo. Subiri Alasiri ipite. Mabasi yao yakishageuza, mji unabaki kwa wenyewe.

Na jioni ya huko ni ndefu. Sisi tumezoea saa kumi na mbili na nusu jua limeshakwenda zake. Kule mwezi wa tano Magharibi inaadhiniwa kama saa mbili na nusu usiku. Kwa hiyo kati ya Alasiri na Magharibi una saa tatu nzima za kuzurura.

Nilianzia bandarini. Ni bandari ya wavuvi, biashara ya meli kubwa ilishahamia Casablanca na Agadir. Mashua ndogo zote zimepakwa bluu moja, zimefungwa ubavu kwa ubavu mpaka unaweza kuvuka upande wa pili bila kulowa. Pembeni kuna mafundi wanaunda mashua za mbao, mbavu za chombo ziko wazi na mtu yuko juu anagonga misumari. Samaki wanauzwa chini kwenye makreti: sadini kwa wingi, mikunga, kaa, papa wadogo. Shakwe ni mamia, nao hawamwogopi mtu. Mzee mmoja alikuwa anapasua samaki kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika kifimbo cha kuwafukuzia, na wala hatazami. Kifimbo kinakwenda chenyewe.

Unatoka bandarini kwa lango la mawe linaloitwa Bab el-Marsa. Juu yake kumechongwa mwaka 1184 wa Hijria, yaani 1770 hivi. Ukishapita hapo uko mjini, na gari haliingii.

Naendelea baada ya kunywa chai.

#2 Dereva_Mstaafu

Naweka kiti hapa. Ila kijana, sema kwanza usafiri. Nyie vijana mnatuonyesha shakwe halafu mtu hajui anafikaje.

#3 MtotoWaChumbageni

Shikamoo mzee. Kutoka Marrakech kuna mabasi ya CTM na ya Supratours, ni mwendo wa kama saa tatu, barabara nzuri. Uwanja mdogo wa ndege upo pia, ila sisi wanafunzi huo tunausikia tu.

Njiani utaona miti ya argani, ina miiba na matawi yamepinda, na ardhi yenyewe ni kavu. Utaona pia mbuzi wamesimama juu ya mti. Mbuzi wa kule kweli hupanda kula matunda ya argani, hilo si uongo. Ila wale walio kandokando ya lami, kumi juu ya mti mmoja, wote wametulia kama wamepangwa, basi wamepangwa kweli. Kuna mtu chini ya mti anasubiri hela ya picha.

#4 Mgosi_Halisi

😂😂 Yaani mbuzi nao wana zamu za kazi. Endelea mgosi.

#5 MtotoWaChumbageni

Ukitoka bandarini unaingia uwanja mpana, Place Moulay Hassan. Migahawa, watoto na mipira, wazee na kahawa. Picha za Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa wa Marekani, zimebandikwa huku na huku kwa sababu alifika mwaka 1969. Alikaa siku chache tu, lakini ukisikiliza wenye mikahawa utadhani alizaliwa mtaa wa pili. Piteni, msipoteze muda.

Kilichonishangaza zaidi ni barabara zenyewe. Mtu akikwambia mji mkongwe wa Kiarabu, akilini unaona Fès, vichochoro vya kupotelea mpaka umlipe mtoto akutoe. Essaouira mitaa mikubwa imenyooka. Unasimama chini ya tao moja unaona matao mengine mbele yako hadi mwisho wa mji. Sababu ni kwamba mji huu haukujiotea. Miaka ya 1760 Sultani Sidi Mohammed ben Abdallah aliamua anataka bandari mpya ya kufanyia biashara na Ulaya chini ya macho yake mwenyewe, akamchukua mhandisi Mfaransa, Théodore Cornut, amchoree ngome na mitaa. Ndiyo maana boma lina sura ya Kizungu na nyumba zina sura ya Kimoroko. Kuta nyeupe, milango na madirisha ya bluu.

Kabla ya kuingia sokoni nilipanda Skala, ule ukuta wa ngome upande wa bahari. Mizinga ya shaba imepangwa mstari, yote midomo inatazama Atlantiki. Mizinga mingi ni ya kutoka Ulaya. Haikusaidia sana mwaka 1844, Wafaransa walipokuja na manowari wakaupiga mji. Upepo wa pale juu, jamani! Huko hakuna cha kusi wala kaskazi, upepo ni mmoja, unatoka kaskazini, na kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa unavuma kama una deni. Wenyeji wanavaa jelaba na kofia yake wamevuta hadi machoni. Ndio huo huo unaofanya Marrakech ikichemka nyuzi arobaini, Essaouira watu wavae sweta.

Chini ya ukuta huo, kwenye vyumba vya matao vilivyokuwa stoo za baruti, ndiko waliko maseremala wa mti wa thuya, wenyewe wanauita arar. Unausikia kwa pua kabla hujauona, harufu yake ipo kati ya pilipili manga na dawa ya mitishamba. Nilisimama kwa fundi mmoja kijana anayepamba kisanduku. Ubao ulikuwa umeshachimbwa vijinjia vyembamba kama uzi. Anachukua kipande cha mti wa mlimau, cheupe, amekikata kwa msumeno mdogo sana, anakitia gundi, anakiweka kwenye njia yake kwa ncha ya kisu na kukibana kwa dole gumba. Halafu kipande cha lulumizi. Halafu mlimau tena. Hakuna mashine. Akimaliza anapiga msasa mpaka ukipitisha kidole huhisi maungio.

Alinipa kisanduku kingine akaniambia kifungue. Hakina kitasa wala mdomo. Ufunguo umefichwa ndani ya ubao, lazima usogeze kipande kimoja pembeni, kisha cha pili, ndipo tundu lionekane. Akanitazama nikihangaika huku anaendelea na kazi yake.

#6 Seremala_wa_Keko

Mkuu hapo umenigusa. Hayo madoadoa kwenye mbao zao nimeyaona mtandaoni, ni rangi au ndiyo mti wenyewe? Maana hapa kwetu mtu anapaka doa za kahawia kwenye msonobari anakuuzia kama mninga.

#7 MtotoWaChumbageni

Fundi, ni mti wenyewe. Madoa yanatoka kwenye vinundu, ule uvimbe unaoota shinani na kwenye mizizi. Mbao za shina la kawaida zina mistari tu, na bei yake ni ndogo. Ya kinundu ndiyo ina macho, na ndiyo ghali. Tatizo ni kwamba ili ukipate lazima uung'oe mti mzima na mizizi yake, na thuya unakua polepole mno. Misitu imepungua, na mafundi wenyewe wanalalamika kwamba mali imekuwa adimu na bei iko juu.

Kwa anayetaka kununua: geuza kitu utazame chini. Mahali ambapo fundi hakutegemea utazame ndipo utajua kama ni kinundu kizima au ni karatasi ya ubao iliyobandikwa juu ya mbao za bei rahisi.

#8 Seremala_wa_Keko

Hiyo ya kugeuza chini ni ya dunia nzima 😂 Asante mkuu.

#9 MtotoWaChumbageni

Sasa sokoni.

Barabara kuu inaupasua mji kutoka upande wa bandari hadi lango la Bab Doukkala. Mwanzo wake ni maduka ya watalii: mazulia, taa, viatu vya babouche, chupa za mafuta ya argani. Ukiendelea mbele, bidhaa zinabadilika zenyewe bila mtu kukwambia. Babouche zinakuwa kandambili, mazulia yanakuwa mablanketi, na badala ya kuitwa kwa Kifaransa unasukumwa na mama mwenye kikapu cha mboga. Katikati hapo ndipo Souk Jdid, soko lililogawanywa na njia panda: upande samaki, upande viungo, upande nafaka, upande mitumba.

Mikokoteni ndiyo daladala ya huko. Inabeba masanduku ya wageni, mitungi ya gesi, kitanda cha bibi harusi, chochote. Anayesukuma anapiga kelele "balak! balak!" na hapunguzi mwendo. Ukisikia hivyo jibanze ukutani kwanza, salamu baadaye.

Upande wa viungo ni uwanja mdogo wenye maduka ya dari fupi. Bizari nyembamba, tangawizi, pilipili tamu iliyosagwa nyekundu, zafarani ndani ya makopo yaliyofungiwa kabatini. Lakini nusu ya biashara ni urembo na dawa: wanja, udongo wa kuoshea nywele, sabuni nyeusi laini ya zeituni inayopimwa kwa kijiko, miski na ambari za vipande vya kusugua mkononi, jawi ya kufukiza. Kwenye duka moja kulikuwa na kinyonga hai kwenye kitundu na wenzake waliokauka wakining'inia juu yake. Sikuuliza bei. Kuna pia "chai ya kifalme", mchanganyiko wa majani kumi na kitu, kila muuzaji anakukaribisha uonje. Mwenyeji hanywi hiyo, anakunywa chai ya kijani ya China na nanaa. Na hiyo chai ya kijani yenyewe iliingia Morocco kwa wingi kupitia bandari hii.

Kwa samaki utaratibu ni mzuri. Unanunua wako, unavuka hatua chache unampa mwenye jiko la mkaa, anakuchomea kwa ujira mdogo, analeta na mkate na kachumbari. Sadini za huko zinapasuliwa, zinapakwa chermoula (kitunguu saumu, giligilani, bizari nyembamba, ndimu), mbili zinawekwa kifua kwa kifua kisha zinakaangwa.

Ila mimi nilikwenda kwa ajili ya Joutia, upande wa mitumba. Mnada wake unachangamka baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi. Hakuna meza wala nyundo. Dalali anachukua kitu, anazunguka nacho katikati ya watu akitaja bei ya mwisho aliyopewa. Nilimwona mmoja kavaa majaketi matatu ya kuuza, moja juu ya jingine, begani ana zulia, mkononi redio ya zamani. Mtu anaongeza kidogo, dalali hasimami, anaendelea kuzunguka na bei mpya. Akikosa wa kuongeza anarudi kwa yule wa mwisho, anamtupia mkononi, kwisha.

Bei zinatajwa kwa riyali, na hii lazima niieleze. Fedha ya Morocco ni dirhamu, na noti ya riyali huwezi kuiona popote. Lakini watu wa sokoni wanahesabu kwa riyali, na dirhamu moja ni riyali ishirini. Kwa hiyo dalali akiita mia mbili anamaanisha dirhamu kumi. Akiita elfu, ni hamsini. Wazee wanafanya hesabu hiyo haraka kuliko wewe kutoa simu. Nilisimama karibu na kijana mwenyeji wa kama miaka kumi na nane, na yeye alikuwa anamnong'oneza mwenzake amgawie kwa ishirini.

#10 Shangazi_Mkunazini

Mwanangu umenitia hamu ya hiyo miski ya kusugua. Mie nilidhani Unguja peke yetu tunaojua kunukia. Sasa niambie, mwanamke akitembea peke yake hapo jioni hali ikoje? Usinijibu kwa adabu, nijibu ukweli.

#11 MtotoWaChumbageni

Shikamoo shangazi. Ukweli ni kwamba jioni hiyo sokoni wanawake ndio wengi, wananunua mboga na mkate, wengine na watoto. Wanawake wazee wachache bado wanajifunika hayiki, shuka jeupe zito linalofunika mwili wote, linabanwa kwa mkono. Dada mmoja wa Burundi ninayesoma naye alitembea peke yake, akasema maneno ya barabarani yapo, ila ni nusu ya anayoyasikia Casablanca. Vichochoro vya pembeni usiku wa manane hakushauri.

#12 Mwanaamu

Nimesoma uzi huu tangu juu na mimi ni mtu wa Amu, kwa hiyo nina la kusema. Lamu na Essaouira ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 2001. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulitangulia mwaka 2000. Basi sisi ni kama watoto wa darasa moja, na naona shida zetu ni zile zile.

Kwetu Shela, kijiji cha kisiwani humo, nyumba nyingi nzuri zina wenyewe Wazungu. Mwenye nyumba kauza, kanunua kiwanja bara, mtoto wake sasa ni mwangalizi katika nyumba ya babu yake. Kuta zimetengenezwa vizuri kuliko zamani, siwezi kukataa, chokaa mpya, milango imepakwa mafuta. Lakini usiku taa haziwaki, maana mwenyewe yuwaja mara moja kwa mwaka. Je, huko vipi? Hao watu wa mnada wa riyali walala ndani ya mji au wanalala nje na kuja kufanya kazi?

#13 MtotoWaChumbageni

Mwanaamu, umeuliza swali ambalo watalii hawaulizi.

Hali ni hiyo hiyo. Riadi, zile nyumba zenye ua katikati, nyingi zimenunuliwa na wageni, Wafaransa hasa, na kugeuzwa hoteli ndogo. Upande wa kasbah, ule mtaa wa ngome, karibu na bahari na uwanja, ukitazama milango utaona vibao vya hoteli mfululizo. Ukienda ndani zaidi, kuelekea Bab Doukkala na Bab Marrakech, unasikia televisheni, mtoto analia, mtu anakaanga vitunguu. Huko bado wanakaa watu. Ila vijana wengi wakioa wanahamia mitaa mipya nje ya ukuta, kodi ni nafuu na gari linafika mlangoni. Muuza viungo niliyekaa naye analala nje ya ukuta. Baba yake alizaliwa juu ya duka.

Na kuna hadithi nyingine ya nyumba tupu, ya zamani zaidi. Sultani alipouanzisha mji alileta familia za wafanyabiashara Wayahudi wamwendeshee biashara na Ulaya. Waliitwa tujjar es-sultan, wafanyabiashara wa sultani, na walipewa mitaji na nyumba. Karne ya 19 Wayahudi walikuwa sehemu kubwa sana ya wakazi, si wachache wa pembeni. Ufundi wa fedha uliojulikana mji huu ulikuwa mikononi mwao. Baada ya 1948 hadi miaka ya 1960 karibu wote waliondoka, wengi kwenda Israeli, wengine Ufaransa na Kanada.

Mtaa wao wa mellah uko upande wa kaskazini, unapigwa na bahari moja kwa moja. Nilipita kabla jua halijazama. Nyumba nyingine zimebaki ukuta wa mbele tu, ukichungulia dirishani unaona mbingu. Chumvi na upepo vimekula mawe mpaka yana matundu. Nyumba nyingi zimebomolewa, nyingine zinajengwa upya. Masinagogi machache yamekarabatiwa, na upande wa kasbah kuna nyumba ya kumbukumbu iitwayo Bayt Dakira, iliyofunguliwa mwaka 2020, ndani yake mna sinagogi na maonyesho ya maisha ya Waislamu na Wayahudi wa mji huo. Ni kazi nzuri. Lakini ukitoka hapo ukaenda mellah yenyewe, unaona pesa za ukarabati zilikoishia.

#14 Mwanaamu

Hapo nimekuelewa. Nyumba isiyo na mtu bahari yaijua.

#15 Dereva_Mstaafu

Watu wa visiwani mnajua kuongea. Kijana, Magharibi imefika, umeswali wapi?

#16 MtotoWaChumbageni

Msikiti wa Ben Youssef, mzee. Kwa Waislamu wenzangu: usishangae ukiona safu nzima mikono imening'inia pembeni kwenye kisimamo. Ni Wamaliki, sisi Mashafii tunafunga mikono. Hakuna anayekutazama ukifunga. Usomaji wa Kurani ni wa Warsh, si huu wa Hafs tuliouzoea, kwa hiyo kuna neno katika Suratul Fatiha yenyewe utalisikia limefupishwa. Na baada ya swala watu hawakuondoka haraka, waliobaki walikaa duara wakasoma hizbu, yaani fungu la Kurani, kwa sauti moja, kwa kasi, bila msahafu wengi wao. Hufanya hivyo kila siku baada ya Alfajiri na Magharibi, Morocco nzima. Wasio Waislamu hawaingii misikitini huko isipokuwa michache, wakae tu nje na chai yao.

Nilipotoka taa zilikuwa zimewaka na upepo umepungua. Ndipo nikasikia chuma.

Wanaoujua muziki wa Gnawa watanielewa. Wale qraqeb, makofi ya chuma yanayoshikwa mawili mawili kila mkono, sauti yake inafika kabla ya kitu kingine. Chini yake kuna guembri, zeze la nyuzi tatu lenye sauti nzito, limewambwa ngozi ya ngamia. Kwenye uwanja kuna wanaopiga kwa ajili ya sarafu za watalii, sisemi hao. Hii ilitoka ndani ya duka la vyombo vya muziki, mlango nusu umefungwa, mzee anampigia mtengeneza guembri aliyekuwa anaijaribu ngozi mpya. Vijana wawili waliokuwa wanapita waliingia wakachukua qraqeb ukutani bila kuuliza, wakajibu. Dakika chache, kisha kila mtu akaenda zake.

Gnawa ni wazao wa watu waliotolewa kusini mwa Sahara, wengi wakiwa watumwa. Misafara kutoka Timbuktu iliishia kwenye bandari hii ikileta dhahabu, manyoya ya mbuni, pembe, gundi ya miti, na binadamu. Essaouira ndipo ilipo zawiya yao, yaani nyumba yao ya ibada na dhikri, Zawiya ya Sidna Bilal, imepewa jina la Bilal bin Rabah, muadhini wa Mtume. Muziki wao uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2019, na tamasha lao la kila mwaka lilianza 1998. Mwanamuziki mkubwa kabisa wa mji, Maalem (yaani bingwa) Mahmoud Guinia, alifariki 2015, na picha yake utaiona kwenye vinyozi na maduka ya simu. Kwangu hiyo ina maana zaidi ya ile ya Hendrix.

#17 Shangazi_Mkunazini

Hao wana ngoma ya usiku kucha? Na mafusho? Na kila pepo na rangi yake?

#18 MtotoWaChumbageni

Ndiyo shangazi! Inaitwa lila. Inakwenda hadi alfajiri, rangi saba, kila rangi na kundi lake la mashetani, nyimbo zake na fukizo lake. Mtu anayepandwa anafunikwa shuka la rangi inayohusika. Umejuaje?

#19 Shangazi_Mkunazini

Nimejuaje! Mie nimekulia Unguja, mwanangu. Kibuki, ngoma yetu ya pepo, hujakisikia? Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na kiti chake. Pepo akija anataka shuka lake, anataka ubani wake, anataka wimbo wake, ukikosea wimbo hateremki. Wenye kukataza wakataze, haramu yake naijua, lakini usiniambie hao ni wageni kwetu. Bahari mbili tofauti, mtu yule yule kachukuliwa, kaenda na pepo wake.

#20 Mzalendo_Mkorofi

Mnapamba tu. Huko mtu mweusi anaitwa mtumwa barabarani. Mnasahau kilichowapata wahamiaji? Mtoa mada sema ukweli, umebaguliwa mara ngapi?

#21 MtotoWaChumbageni

Sihesabu, mkuu, ila sikatai. "Azzi", neno lao la kumtukana mtu mweusi, nimeitwa, Rabat na Casablanca, na watoto na watu wazima. Kupanga nyumba ukiwa mweusi ni shughuli. Essaouira wako wenyeji weusi wa vizazi na vizazi, wauza samaki, mafundi, walimu, kwa hiyo sura yangu haimshtui mtu. Mara nyingi wananisemesha Kidarija, Kiarabu cha Kimoroko, wakidhani ni wa hapo hapo, mpaka nifungue mdomo.

Lakini pale pale kuna vijana wa Senegali wanaouza saa na bangili kwenye kitambaa chini, na hao naona wanavyosemeshwa. Niliongea na mmoja, Kifaransa changu cha kuungaunga. Akasema tofauti ya mji huu na mingine ni kwamba hapa polisi wanamwambia ahame, hawambebei mali. Halafu akacheka akasema jioni ya Ijumaa kuna nyumba inampelekea kuskusi. Vyote viwili nimeviandika alivyosema.

Mji ambao muziki wa Mwafrika mweusi unauzwa kwenye fulana na Mwafrika mweusi mwenyewe anaambiwa ahame, siwezi kukuambia umemaliza mambo yake. Lakini ukiniuliza Morocco nzima nitembee wapi usiku bila kugeuza shingo, nitakujibu Essaouira.

#22 Mzalendo_Mkorofi

Hapo sawa. Umejibu kiume.

#23 Shangazi_Mkunazini

Kiume, kike, kajibu tu. Mwanangu, umekula nini usiku huo?

#24 MtotoWaChumbageni

Shangazi, nilikula kwa awamu. Supu ya harira na tende kwenye banda karibu na soko la nafaka. Kisha msemen, yule mkate wa tabaka wa pembe nne, ukiwa bado unatoka kwenye chuma, na asali. Konokono wanauzwa kwenye mikokoteni kwa bakuli, unawatoa kwa kijiti kisha unakunywa mchuzi wake wa viungo. Niliwatazama wenzangu wakila. Mwisho amlou, lozi zilizosagwa na mafuta ya argani na asali, unachovya mkate. Hiyo ndiyo nitakayoileta Tanga.

#25 Dada_wa_Safari

Mafuta ya argani tafadhali, tunajuaje halisi? Niliuziwa chupa njiani nikafika nyumbani yananuka alizeti.

#26 MtotoWaChumbageni

Dada, kwanza jua yako ya aina mbili. Ya kula mbegu zake zimekaangwa, kwa hiyo rangi ni ya kahawia na yananukia kama karanga. Ya kupaka mbegu ni mbichi, rangi hafifu, harufu karibu hakuna. Anayekuuzia ya kupaka yenye marashi makali, ujue marashi yanaficha kitu. Ya njiani kwenye chupa za maji achana nayo kabisa.

Nunua kwenye ushirika wa wanawake, iko mingi kandokando ya barabara ya Marrakech na maduka yao yapo mjini. Wanapasua kokwa kwa jiwe juu ya jiwe mbele yako, moja moja, na kutengeneza lita moja kunakula kokwa za kilo nyingi na siku nzima ya kazi au zaidi. Kwa hiyo bei ikiwa nyepesi sana, uliza imechanganywa na nini.

#27 Shangazi_Mkunazini

Mie niletee sabuni nyeusi na hiyo miski. Hela nitatuma, usinitajie riyali.

#28 Dereva_Mstaafu

Na mimi kisanduku kisicho na tundu. Nikiweka pensheni humo hata mimi mwenyewe nisiipate.